Siku Delfina alipokosa muda wa kuigusa kabureta yake

Jumapili asubuhi, kabla injini ya kwanza haijawashwa, Delfina Tarango amesimama mbele ya gari lake. Boneti iko wazi. Kiganja chake cha kushoto kimelala juu ya kabureta, kama mama anayempima mtoto homa, na pua ameiinua kidogo kuelekea juu.

"Hewa bado haijaamua," anasema hatimaye. "Ni kavu, ni nyepesi, lakini kuna kitu inakipanga."

Nyuma yake, kwenye kiti cha kukunja, mdogo wake Ignacio anakunywa kahawa. Hapa kila mtu anamwita Nacho. Hatazami gari. Anaitazama mikono ya dada yake.

"Dada, toa mkono hapo."

"Sijagusa kitu."

"Ndivyo ulivyosema mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane niligusa. Leo nimeuweka tu."

"Basi uweke mfukoni."

Hapa ni Horse Draw, uwanja wa mbio za robo maili nje ya mji wa Gering, magharibi mwa Nebraska. Ni Jumapili ya mwisho ya msimu. Magari karibu sitini yamepangwa kwenye nyasi zilizokauka, mengi yakiwa na umri mkubwa kuliko watu wanaoyaendesha: Ponti, Shevi na Doji za miaka ya sitini na sabini, yale ya injini kubwa yakiwashwa hata vikombe vya kahawa vinatetemeka mezani.

Delfina, mwenye umri wa miaka 57, ni fundi wa kabureta. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka zaidi ya thelathini, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yake, jirani na reli. Kuvunja kabureta moja, kuiosha, kuibadilisha mipira na kuifunga tena anatoza dola 180.

"Mwezi wa tano silali," anasema. "Kila mtu anatoa gari lake uani na kugundua haliwaki. Mwezi wa kwanza nahesabu misumari ya ukutani. Theluji imejaa, nani ana haja na kabureta? Nimewahi kukaa wiki tatu bila mteja hata mmoja. Nilifagia banda mpaka sakafu ikaniomba msamaha."

Hata hivyo halalamiki. Banda ni lake, zana ni zake, na binti zake wawili wamesomeshwa na kazi hiyo. Anapotaja hayo, huongeza polepole, bila kujionyesha, "Mungu ni mwema," kisha anarudi kwenye habari za mafuta.

Siku za mbio hatozi mtu. Akishafungua kifuniko cha sanduku lake la zana, watu wa Horse Draw wanajua kwamba wanaweza kuja kuuliza. Malipo ni kipande cha pai au maneno ya utani.

Gari lililo mbele yake ni Duster ya mwaka 1970, rangi ya ndimu mbichi. Lilikuwa la baba yao, marehemu Refugio Tarango, aliyefanya kazi kiwanda cha sukari inayokamuliwa kutoka viazi sukari, tangu ujana wake hadi alipostaafu. Wenzake walinunua pikapu. Yeye alinunua gari la mbio.

"Mama hakumsemesha kwa siku kadhaa," anasimulia Nacho. "Watoto wanne nyumbani, na mzee anarudi na gari la viti vinne linalonguruma kama ndege. Mama akamuuliza, 'Na viazi sukari vya kiwandani utavipakia wapi?' Baba akajibu, 'Hili halibebi viazi. Hili linanibeba mimi.'"

Kabureta iliyomo aliifunga Refugio mwenyewe, kwenye uwanja wa nyumba, Delfina akiwa amemshikia taa. Ndiko alikoanzia. Baba yake hakuwa na vipimo vingi. Alimfundisha kusimama nyuma ya gari na kunusa moshi: ukikwaruza macho, mafuta ni mengi kuliko hewa. Alimfundisha kufungua plagi na kuangalia rangi ya kaure yake. Ikiwa nyeusi, injini inashiba kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama chaki, inakufa njaa. Inayotakiwa ni rangi ya mkate uliookwa vizuri.

"Kabureta haina akili," Delfina anaeleza huku akijifuta vidole. "Ina vitundu vidogo vya shaba, tunaviita jeti, na mafuta yanapita humo. Hewa ikiwa ya joto, ni nyepesi. Ikiwa ya baridi, ni nzito, inaingia nyingi, injini inapata nguvu. Lakini jeti haijui kwamba hali ya hewa imebadilika. Inamwaga kile kile ilichozoea kumwaga. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kujua kwa niaba yake."

Na hali ya hewa ya hapa hubadilika bila kuaga. Asubuhi unavaa fulana, mchana unatafuta jaketi. Fundi anaweza kuliacha gari likiwa limetulia kabisa, akaenda kunywa maji, akarudi akakuta ni gari jingine.

Kwa fundi, hiyo ni riziki. Kwa dereva, ni balaa. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza maishani, Delfina ni vyote viwili.

Baada ya baba yao kufariki, Duster ilikaa chini ya turubai kwa miaka minane. Majira ya kuchipua yaliyopita, yeye na Nacho waliitoa, wakaifufua, na Nacho akasema jambo ambalo dada yake hakulitarajia: "Endesha wewe. Mimi nina mgongo." Delfina akavaa kofia ngumu, akaketi, akafunga mikanda.

Tangu siku hiyo ametolewa raundi ya kwanza kila mara.

Si kwa sababu gari ni la polepole. Tatizo ni kasi.

Mbio za Horse Draw zina desturi yake. Kila dereva anaandika kwenye kioo cha gari, kwa rangi nyeupe ya viatu, sekunde ambazo anaamini gari lake litatumia kufika mwisho. Magari hushindana mawili mawili. La polepole linatangulia kuondoka, kwa tofauti ya zile namba mbili, ili wote wawe na nafasi sawa. Anayefika kwanza ndiye mshindi, isipokuwa kwa jambo moja: ukienda mbio kuliko namba uliyoiandika kwa mkono wako, umetoka. Sheria haimtafuti mwenye nguvu. Inamtafuta anayelijua gari lake.

"Wiki nzima watu wananiletea magari niyaongezee nguvu," anasema Delfina. "Halafu Jumapili naambiwa, andika namba, kaa mbali. Mwili haukubali. Nikisikia injini ina kikohozi kidogo tu, nafungua. Nikifungua, narekebisha. Nikirekebisha, gari linakimbia vizuri zaidi. Nikifika mwisho naambiwa nimekwenda mbio kuliko nilivyosema."

"Ni fundi pekee ninayemjua," anaingilia Nacho, "anayeshindwa kwa sababu ya ufundi."

"Nyamaza."

"Namweleza mgeni wetu mwandishi."

"Mweleze mgeni habari za mgongo wako."

Kutokana na kushindwa huko, mwezi wa saba, mezani, mbele ya sahani za maharage na chapati za mahindi, ndugu hao wawili waliwekeana ahadi. Nacho ni fundi wa mitambo mirefu ya kumwagilia mashamba, ile inayozunguka kwenye magurudumu. Mitambo yake yote siku hizi inaongozwa na kompyuta. Alikuwa ameshanunua mfumo wa kompyuta wa kupuliza mafuta unaotoshea Duster, na boksi lake limekaa kwenye rafu ya banda la Delfina, halijafunguliwa.

Mfumo huo hauhitaji jeti. Hewa ikigeuka, wenyewe unahisi na kujirekebisha. Delfina mwenyewe anakiri kuwa ni kitu kizuri. Amewafungia wateja watatu, na wote wanamshukuru.

Ahadi ilikuwa hivi: kabureta ya baba ikivuka raundi ya kwanza hata mara moja kabla ya msimu kwisha, inabaki. Isipovuka, inafunguliwa majira ya baridi na boksi linachukua nafasi yake.

"Siyo kwamba simheshimu baba," anasema Nacho, na hapa utani unamtoka usoni. "Nilichoka kumwona dada yangu akirudi kwenye trela amenuna, haongei mpaka Jumanne. Anatakiwa kufurahi. Amefanya kazi sana."

Delfina anaitazama kabureta. "Kila skrubu hapo naijua kwa jina. Ikitoka hiyo, gari litabaki zuri. Litakimbia. Lakini nikiweka mkono, sitajua naongea na nani."

Leo ndiyo siku ya mwisho.

Kabla ya mbio, spika inawaita watu kwenye ibada. Mchungaji Lofgren, ambaye siku za kazi ni mkulima wa maharage, anasimama nyuma ya pikapu yake na kusoma zaburi. Watu wanavua kofia. Wapo wenye mafuta mikononi, wapo waliopiga magoti kwenye majani makavu. Delfina alishahudhuria misa parokiani kwao jana jioni, lakini hakosi hapa pia. Anasimama kando, macho amefumba, midomo inasogea.

Akiulizwa anaomba nini, anacheka kidogo. "Siombi kushinda. Mungu ana wagonjwa wa kuwashughulikia. Naomba moyo mtulivu. Na mikono mitulivu zaidi."

Safari ya majaribio inakwenda vizuri. Jua ni kali, na Duster inatumia sekunde 14.62. Delfina anafungua plagi moja, anaiangalia kwenye mwanga, anaionyesha kwa mdogo wake.

"Rangi ya mkate," anasema.

"Mkate usioguswa," Nacho anajibu.

Delfina anaandika 14.60 kwenye kioo, tarakimu kubwa, na kuketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Raundi ya kwanza bado saa nzima. Amepangiwa kushindana na Orville Kraupie, mkulima mstaafu wa miaka 74 mwenye Ponti nyekundu ya 1967. Orville ni jirani yake wa miaka mingi, na ni mteja wake.

Hapo ndipo upepo unapogeuka.

Watu wa Gering hawahitaji chombo cha kuwaambia. Kiwanda cha sukari kiko upande wa kaskazini, ng'ambo ya mto, na msimu wa viazi sukari umeshaanza. Ghafla harufu yake inaingia uwanjani: udongo uliochemshwa pamoja na kitu kitamu kilichoanza kuchacha. Vichwa vinainuka kila upande. Harufu hiyo ikifika, baridi iko nyuma yake. Bendera iliyokuwa imelala inanyooka. Wingu la rangi ya risasi linapanda upande wa magharibi, na haupiti muda watu wanavuta majaketi kutoka kwenye magari.

Delfina amekwisha kusimama. Bisibisi iko mkononi, na hakuna aliyemwona akiichukua.

"Jeti kubwa zaidi, saizi mbili juu," anasema kwa sauti ya chini. "Hewa hii itainyima chakula. Saizi mbili, labda na nusu mzunguko wa skrubu."

Anaweka kidole kwenye kifungio cha boneti.

"Fina!"

Ni kijana mmoja mwenye Shevi ya bluu, anakuja mbio. "Fina, nisaidie, gari linakohoa nikiachia mafuta."

Delfina anaitazama boneti yake. Anamtazama kijana. Anaenda.

Kabla hajamaliza, mwanamke mwenye Doji anamsubiri. Nyuma yake kuna wanaume wawili wanaobishana kama hewa imebadilika kweli au ni woga tu. Nyuma yao amesimama Orville Kraupie mwenyewe, mikono kiunoni, amevaa kofia ya majani na jaketi la sufu.

"Mzee Orville, wewe ni mpinzani wangu," Delfina anamwambia.

"Baadaye. Sasa hivi mimi ni mgonjwa."

"Unaumwa nini?"

"Mimi mzima. Ponti ndiyo inazimika nikisimama. Utaniacha nikaaibike mbele ya watu, mimi niliyekuletea mahindi msimu mzima?"

"Mahindi yenyewe yalikuwa na wadudu."

"Wadudu sikukutoza."

Delfina anainama kwenye injini ya Orville. Anasikiliza, ananusa, anafungua kabureta, vidole vikienda upesi kama vya mtu anayesuka nywele. Anatoa jeti na kuweka kubwa zaidi, anageuza skrubu pande zote mbili, kidogo, kidogo. Ngurumo ya Ponti inashuka na kutulia.

Orville anafumba macho. "Lo! Sikiliza hiyo. Kama paka aliyeshiba."

"Sasa nisikilize mimi, mzee. Gari lako limepata nguvu, na hewa nayo imelisaidia. Futa ile namba. Uliandika 13.80. Weka 13.60, au hata chini yake."

"Sehemu ishirini za mia za sekunde? Unataka kunifanya mjinga, mama. Wewe ni mpinzani wangu, ulisema mwenyewe."

"Mzee, nakuambia ukweli mbele ya Mungu. Futa."

"Nitapunguza tano. Nisikuudhi."

"Utajuta."

"Nina miaka sabini na nne. Nimeshazoea."

Spika inaita magari yao. Delfina anaangalia saa, anaangalia uwanja, anagundua kwamba hajaigusa Duster. Anakimbia. Boneti imefungwa vile vile alivyoiacha. Nacho amesimama pembeni yake na kofia ngumu mkononi, ametulia kupita kawaida.

"Sijaweka jeti," Delfina anasema, anahema. "Nacho, sijaweka! Itakimbia na njaa!"

"Itakimbia na ilicho nacho. Ingia."

"Namba!"

"Namba una nafasi ya kuandika. Fikiri."

Delfina anashika kichupa cha rangi ya viatu. Kwa mara ya kwanza msimu huu hana la kurekebisha ila hesabu. Injini ni ile ile ya asubuhi. Jeti ni zile zile. Kilichobadilika ni hewa peke yake, na hewa anaijua. Anafuta kwa mkono wa jaketi, anaandika 14.41, anajifunga mikanda.

Kwenye mstari, Duster inatangulia kuondoka, kwa kuwa namba yake ni kubwa. Mbele yake njia ni tupu na kijivu. Anabadilisha gia, anasikia injini ikivuta, si kwa ulaini anaoupenda, kuna ukavu kidogo kwenye sauti, lakini inavuta. Kisha anaisikia Ponti ikija nyuma yake. Inakuja kwa kishindo. Karibu kabisa na mwisho, kivuli chekundu kinampita upande wa kulia na kuvuka mstari kabla yake.

"Nikajua imekwisha," anasimulia baadaye. "Nikasema, haya, baba, nilijaribu. Tena nikacheka, maana ile sauti ya Ponti ilikuwa kazi yangu, na ilikuwa tamu sana."

Ndipo anapoona taa ya mshindi. Inawaka upande wake.

Orville alikuwa ameandika 13.75. Ponti yake ilitumia 13.57. Ilikwenda mbio kuliko neno la mwenyewe, ikatolewa. Duster ilitumia 14.43, sehemu mbili za mia za sekunde juu ya namba aliyoiandika. Kwa watu wa Horse Draw, huko ni kulijua gari.

Orville anamfuata mpaka kwenye nyasi, kofia mkononi, uso umeiva kwa upepo na kicheko.

"Umeniua kwa wema!" anapaza sauti ili wote wasikie. "Mwanamke huyu amenitengenezea gari zuri mpaka nikafukuzwa!"

"Nilikuambia ufute."

"Uliniambia. Mke wangu naye hunieleza mambo mengi. Lini uliniona nikisikia?"

Wanakumbatiana. Nacho anaweka kiganja begani kwa dada yake na kukiacha hapo muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kwa ndugu hawa. Kwa ahadi yao, kabureta ya baba inabaki.

Hadithi ingeishia hapo, ingekuwa tamu. Lakini kuna raundi ya pili.

Nacho anakwenda kutafuta chakula. Kwenye kibanda wanauza nyama ya kusaga iliyopikwa na maharage na pilipili, pamoja na mkate wa mdalasini wenye sukari juu, na hapa Nebraska mtu hali kimoja bila kingine. Foleni ni ndefu. Hakuna mtu anayemhitaji fundi sasa, kila gari limekwisha kuzoea baridi. Delfina amebaki peke yake na Duster, na ule ukavu mdogo kwenye sauti ya injini bado uko masikioni mwake.

Nacho anaporudi na sahani mbili, boneti iko wazi.

"Dada!"

"Saizi mbili tu za jeti."

"Mungu wangu."

"Ilikuwa na njaa, Nacho. Ningeiachaje na njaa?"

Mpinzani wake wa raundi ya pili ni Marlys Hessler, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye Shevi ambayo haijafunguliwa boneti tangu mwezi wa tano. Duster inaondoka kwa sauti laini ya ajabu, laini kama hariri, na kufika mwisho mbio kuliko namba iliyoandikwa. Taa inawaka upande wa mwalimu.

Delfina anarudi akiwa amejiandaa kusemwa. Nacho ameketi kwenye kiti chake cha kukunja, sahani mapajani.

"Nimeondoka kidogo tu," anasema, anatikisa kichwa. "Kidogo tu! Nikasema, safari hii atakaa, ameshaona faida. Kumbe mtu huyu haachiwi bila mlinzi."

Delfina, aliyekuwa akimega mkate wake, anaacha. "Mlinzi? Mlinzi yupi?"

Nacho anatafuna polepole.

"Nacho. Raundi ya kwanza. Wale watu wote." Anamkazia macho. "Nilishangaa. Yule kijana gari lake halikuwa na tatizo la maana. Yule mama wa Doji alikuwa na swali ambalo nilishamjibu mwezi wa sita."

"Orville alikuwa na tatizo kweli," Nacho anajitetea. "Wengine nilipita kwenye magari yao nikawaambia, dada yangu yuko huru, mkimbilieni kabla hajashughulika."

"Ulinipangia foleni?"

"Mikono ilikuwa inakuwasha. Nikaitafutia kazi kwingine."

"Lakini wewe ndiye uliyetaka kompyuta."

"Nilitaka ucheke, dada. Sikujali utachekea kitu gani." Anafuta sukari kwenye masharubu. "Boksi nitalifunga kwenye pikapu yangu. Yenyewe haina kabureta ya baba."

Delfina anageuka, anajifanya kutafuta kitambaa. Akirudi macho yamelowa na anacheka, na mkate wa mdalasini bado uko mkononi haujaumwa.

Mawingu yamepita na baridi imebaki. Magari yanapakiwa kwenye trela. Majira ya baridi yakifika, anasema Delfina, ataitoa kabureta, aioshe, aiweke mezani karibu na jiko la banda, aibadilishe mipira yote bila haraka. Ataandika kwenye karatasi namba za jeti za hewa ya joto na za hewa ya baridi, aibandike ndani ya mlango, ili siku ya mbio asiwe na cha kutafuta. Msimu ujao ana lengo moja.

"Ubingwa sitaki. Kuna watu wanauhitaji kuliko mimi. Nataka raundi mbili. Nivuke ya kwanza, nivuke na ya pili. Hapo nitakuwa nimejishinda mwenyewe, na huyo ndiye aliyenisumbua mwaka mzima."

Nacho ana pendekezo. Ameona kufuli dukani, la shaba, dogo, linaloingia vizuri kwenye kifungio cha boneti. Litafungwa baada ya safari ya majaribio. Ufunguo atakaa nao yeye.

"Na wateja wangu?" anauliza Delfina. "Wakija na magari yao?"

"Ya watu fungua yote. Lako tu ndilo lina kufuli."

Delfina anaigeukia boneti ya rangi ya ndimu, iliyo wazi tena. Anaishusha polepole, anaibana kwa viganja viwili mpaka inalia, kisha anavificha viganja hivyo kwapani kama mtu anayesikia baridi.

"Haya," anamwambia mdogo wake. "Kalinunue leo leo, kabla sijakumbuka sababu ya kukataa."